Kozi imekwama: jinsi ya kuomba msaada ukasaidiwa

"Kaka, kozi haifunguki."

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu yangu saa nne usiku. Hauna picha, hauna jina la kozi, na aliyeutuma akishautuma tu huzima data akalala. Asubuhi tunaanza kuulizana: haifunguki wapi? Kwenye kompyuta yako au ya mwanafunzi? Haifunguki kabisa, au inafunguka ikabaki nyeupe? Ikifika saa tano mchana tumeandikiana jumbe ishirini na bado hatujaanza kazi.

Simcheki, maana nami nilianzia hapohapo. Nilipoanza kutengeneza kozi za mtandaoni niliwahi kuwaandikia watengenezaji wa programu fulani barua ndefu yenye malalamiko mengi, halafu nikajibiwa na mstari mmoja: toleo gani? Nikajibu. Siku mbili kimya. Likaja swali jingine: umechapisha kwa mfumo gani? Wiki ikakatika. Mwongozo huu umetokana na wiki kama hizo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusitawanyike. Mwalimu ametengeneza kozi kwa Storyline, programu ya kutengenezea kozi ya kampuni ya Articulate, akaichapisha kama kifurushi cha SCORM 1.2, yaani zipu iliyopangwa kwa kiwango ambacho mifumo ya masomo huielewa, kikapandishwa kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo. Wanafunzi wanasoma, wanafanya jaribio, wanafaulu. Lakini Moodle inashikilia kwamba hawajamaliza. Ukiwa unatumia Captivate, iSpring au eXeLearning, majina ya vitufe yatakuwa tofauti, ila njia ni ileile.

Hatua ya kwanza: tafuta tatizo liko kwa nani

Kozi hupitia mikono minne kabla ya kumfikia msomaji. Kuna programu uliyoitengenezea, kuna kifurushi kilichotoka humo, kuna mfumo wa chuo unaokipokea, na kuna kivinjari au simu ya mwanafunzi. Kila mkono una mwenyewe. Articulate hawatakujibia kuhusu seva ya chuo chako, na msimamizi wa Moodle hajui ulichokiamuru kwenye slaidi ya 14. Ukimpelekea mmoja tatizo la mwingine utajibiwa kwa adabu na hutasaidiwa.

Anza nyumbani. Fungua mradi wako kwenye programu yenyewe uitazame kozi humohumo kabla ya kuichapisha. Ikiharibika hapo, tatizo ni la mradi, na Moodle haihusiki hata kidogo. Kwa Storyline, jambo la kwanza la kukagua ni faili limekaa wapi. Ukifanya kazi faili likiwa kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao wa ofisi, unajitafutia balaa. Articulate wenyewe wanasisitiza faili likae kwenye diski ya ndani ya kompyuta, yaani C:, na lihamishwe baada ya kazi kwisha. Likiwa limeshaanza kuleta visa, fungua mradi mpya mtupu uingize slaidi za zamani humo. Mara nyingi hilo pekee hutosha. Wa Captivate ya zamani wana dawa yao: ndani ya folda ya programu kuna folda iitwayo utils, na humo kuna faili la CleanPreferencesWin.bat. Funga Captivate, endesha faili hilo, fungua tena. Hufuta mipangilio iliyovurugika na kuacha miradi yako salama.

Kama mradi uko sawa, pima kifurushi. Hapa watu wengi hufanya kosa moja: wanafungua folda iliyochapishwa na kubofya faili mara mbili, kozi inagoma, wanaamini imeharibika. Vivinjari vya siku hizi huzuia mambo mengi kwa faili linalofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii ukweli. Tumia SCORM Cloud, huduma ya kampuni ya Rustici Software ya Marekani. Kuna akaunti ya bure yenye mipaka, lakini kwa kupima inatosha. Pandisha zipu ileile, bila kuigusa, cheza kozi mpaka mwisho kama mwanafunzi, kisha soma matokeo.

Mimi kipimo hiki nakiheshimu kuliko vyote. Kozi ikikwama SCORM Cloud, rudi kwenye programu yako, usimsumbue msimamizi wa seva. Ikienda vizuri kule na kukwama chuoni, sasa una la kumwambia msimamizi, tena hana pa kukurudisha.

Ukiingia Moodle, usijaribu kwa akaunti yako ya ualimu. Mwalimu anaweza kuifungua kozi katika hali ya kutazama tu, ambayo haihifadhi alama, ukaondoka ukidhani kozi nzima hairekodi. Omba msimamizi akufungulie akaunti ya mwanafunzi wa majaribio. Kama hataki, jaribu kwenye tovuti ya maonyesho ya Moodle yenyewe, ambayo ni ya bure, ila kumbuka hufutwa na kuanza upya kila saa.

Mwisho ni kivinjari. Fungua dirisha la faragha, jaribu kivinjari cha pili, jaribu simu, jaribu mtandao mwingine usio wa ofisi. Dakika tano tu. Ukiwa kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua sehemu ya konsoli (Console), ambako kivinjari huandika makosa, na kama kuna mistari myekundu ipige picha. Huhitaji kuielewa. Anayekusaidia ataielewa.

Hatua ya pili: yale ambayo utayatibu mwenyewe

Kabla hujaandika ujumbe kwa mtu, pitia makosa haya. Karibu nusu ya maombi yanayonifikia huishia hapa.

La kwanza ni la mfano wetu. SCORM 1.2, iliyotoka mwaka 2001 chini ya mradi wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ina kisanduku kimoja tu cha kuandikia hali ya mwanafunzi. Neno moja linaingia humo: amefaulu, amefeli, amekamilisha, hajakamilisha, na mengine machache. Kozi haiwezi kusema mawili kwa pamoja. SCORM 2004 ilikuja kutenganisha kukamilisha na kufaulu, lakini Moodle kwa kawaida huelewana zaidi na 1.2, ndiyo maana wengi tumebaki nayo. Sasa tazama kinachotokea. Unapochapisha, Storyline inakuuliza iripoti kwa jozi gani ya maneno, kwa mfano Passed/Failed au Completed/Incomplete. Umechagua ya kwanza. Upande wa Moodle, aliyeweka shughuli ile ametia tiki kwenye Completed peke yake. Kozi inapeleka habari kwamba mwanafunzi amefaulu, Moodle inasubiri kusikia kwamba amekamilisha. Wanasubiriana mpaka kiama. Hakuna kilichoharibika na hakuna mstari mwekundu popote, kwa hiyo tatizo hili linaweza kukula siku tatu.

La pili hutokea kwenye kozi ndefu. Mwanafunzi anatoka katikati, akirudi kesho anaanzishwa upya kutoka slaidi ya kwanza. SCORM 1.2 inaruhusu herufi 4,096 tu za kumbukumbu ya mahali alipofikia mwanafunzi na alichokijibu. Kozi yenye slaidi nyingi na matabaka mengi hujaza nafasi hiyo, na ikijaa, kilichozidi hakihifadhiwi. Una njia tatu. Gawa kozi iwe moduli fupi, jambo ambalo wanafunzi wanaosoma kwa bando watakushukuru. Au chapisha kwa SCORM 2004, ambayo katika matoleo yake ya baadaye inaruhusu herufi 64,000, ila upime kwanza kama mfumo wenu unaipokea vizuri. Au mwombe msimamizi atazame mpangilio wa Moodle unaoibana ifuate kiwango cha SCORM neno kwa neno. Ukizimwa, Moodle hukubali kuhifadhi zaidi ya kiwango. Wasimamizi wengi hawajawahi kuufungua ukurasa huo, kwa hiyo mwambie kwa upole.

La tatu: Moodle inakataa zipu na kudai si kifurushi halali. Muulize aliyeipandisha kama aliifungua. Atakuambia aliifungua "kuangalia tu," kisha akaifunga tena. Ndani ya kila kifurushi kuna faili liitwalo imsmanifest.xml na lazima liwe juu kabisa, si ndani ya folda. Ukiifungua zipu na kuifunga tena kwa kubana folda zima, faili hilo linazama ngazi moja chini na Moodle hailioni. Chapisha upya, pandisha zipu kama ilivyotoka.

Mengine kwa haraka. Picha inaonekana kwako na haionekani kwenye seva: seva nyingi ni za Linux na kwake Picha1.JPG na picha1.jpg ni mafaili mawili tofauti, wakati Windows haijali. Video uliyoipachika haichezi: pengine kiungo chake kinaanza na http na tovuti ya chuo ni https, kivinjari kinakizuia. Kifurushi kikubwa kinagoma kupanda: seva ina kikomo cha ukubwa, na kukipandisha mara kumi hakubadilishi kikomo. Kozi ya zamani kabisa inaonyesha kisanduku kitupu: ilitengenezwa kwa Flash, ambayo Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Hiyo hairekebishiki, tafuta mradi wa asili uchapishe upya.

Hatua ya tatu: kata mpaka ibaki kidogo

Usimtumie mtu kozi nzima. Mradi wenye video unaweza kufika mamia ya megabaiti. Utamaliza bando lako kuupandisha, naye atamaliza uvumilivu kuutafuta huo ugonjwa ndani ya slaidi themanini.

Tengeneza nakala. Katika nakala, futa nusu ya slaidi. Tatizo lipo bado? Futa nusu ya zilizobaki. Limetoweka? Basi lilikuwa kwenye nusu uliyoifuta. Irudishe uendelee upande ule. Baada ya mizunguko mitano au sita utabaki na slaidi mbili tatu ambazo bado zinakwama. Ondoa video, ondoa sauti, ondoa majina halisi ya watu. Hicho ndicho cha kutuma.

Nakuonya kwamba kazi hii inachosha. Lakini mara nyingi sana sijafika mwisho wake, kwa sababu njiani nimeona mwenyewe kilichokuwa kinaniua. Siku moja ilikuwa kitufe kisichoonekana, kikubwa kama slaidi nzima, kimelala juu ya vitufe vingine vyote. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya barua kwa watengenezaji, kali kwelikweli.

Hatua ya nne: andika ujumbe unaojibika

Huu hapa ujumbe ambao mwalimu wa mfano wetu angemwandikia msimamizi wa Moodle:

"Habari za asubuhi kaka, pole na majukumu. Naomba msaada kuhusu kozi ya Usalama wa Maabara, moduli ya 2.

Wanafunzi wakimaliza jaribio la mwisho na kupata zaidi ya 80, alama zinaonekana Moodle vizuri, ila tiki ya kukamilisha haitokei. Nilitarajia itokee mara wanapofunga dirisha la kozi.

Inatokea kila mara na kwa kila mwanafunzi, tangu Jumatatu kifurushi kipya kilipopandishwa. Kabla ya hapo ilikuwa sawa.

Nimetumia Storyline 360, SCORM 1.2, kuripoti kwa Passed/Failed. Kifurushi hichohicho kwenye SCORM Cloud kinasoma passed. Nimejaribu Chrome na Firefox kwenye Windows 11, na simu ya Android. Matokeo ni yaleyale.

Nimeambatanisha picha mbili za skrini na kifurushi cha slaidi 3 chenye tatizo hilohilo.

Naomba unitazamie mipangilio ya ukamilishaji ya shughuli hiyo, kwenye Require status neno gani limetiwa tiki. Mimi naweza kuona kozi ila siwezi kubadilisha. Nipo hewani mpaka saa kumi jioni."

Msimamizi akisoma hapo kwenye "passed" ameshajua pa kwenda. Hata kama hajajua, hana swali la kukurudishia.

Salamu usiziache. Ukimwandikia fundi wa chuo ambaye ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo yake ipo palepale, wala haikuchelewishi. Kinachochelewesha ni kuandika "Habari" peke yake, ukasubiri ajibu "nzuri", ndipo uandike "samahani, una nafasi?" Weka salamu na shida kwenye ujumbe mmoja. Kwa barua ya kwenda kwa kampuni ya nje, salamu ni neno moja tu, na shida ianze mstari wa pili.

Sehemu ambayo watu huiruka ni ile ya nilitarajia nini na nimepata nini. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alinilalamikia kwamba zoezi lake la kujaza nafasi, alilolitengeneza kwa H5P, zana ya kutengenezea mazoezi ya mtandaoni, "linasahihisha vibaya." Nilipomwomba aandike jibu alilotarajia na lililokubaliwa, akaandika: nilitaka kitabu, limekubali vitabu. Hapo jibu likajitokeza. H5P ina kitufe cha kusamehe makosa madogo ya tahajia, na neno lenye herufi tatu hadi tisa husamehewa kosa moja. Kwa Kiingereza pengine ni huruma. Kwa Kiswahili, herufi moja ya mwanzo ndiyo ngeli yenyewe; kutoka kitabu kwenda vitabu ni herufi moja tu, na yeye alikuwa anapima umoja na wingi! Alizima kitufe, likaisha. Siku chache baadaye akarudi: sasa ng'ombe linakataliwa kwa baadhi ya wanafunzi. Simu zao zilikuwa zinaandika king'ong'o kwa alama iliyopinda na yeye aliandika iliyonyooka. Kwenye H5P unaweza kuweka majibu mbadala kwa mkwaju (/), hivyo aliandika ng'ombe kwa alama zote mbili, akaweka mkwaju katikati. Nani angeyapata haya kutokana na "linasahihisha vibaya"?

Muda nao una mtego wake. Ukiandikia watu wa nje kwamba tatizo lilitokea saa tatu asubuhi na ukatafsiri ulivyozoea, watalitafuta kwenye kumbukumbu za saa tisa usiku. Andika 09:00, ongeza kwamba ni UTC+3, yaani majira ya Afrika Mashariki. Tarehe andika kwa jina la mwezi, maana Mmarekani akiona 03/04 anasoma tarehe 4 Machi.

Kuhusu lugha: mipangilio yako ya Moodle kama iko kwa Kiswahili, ibadilishe iwe Kiingereza kwa muda unapotafuta msaada. Tafsiri ya Kiswahili ipo, lakini maelekezo mengi utakayoletewa yatataja vitufe kwa majina ya Kiingereza, na kuvitafuta kwa kubahatisha ni adhabu. Kiingereza chako kisikutie hofu. Sentensi fupi zinazofuatana kama kwenye ujumbe ule wa juu zinatafsirika vizuri hata na mashine.

Jambo moja la sheria. Picha za skrini hubeba majina ya wanafunzi, namba zao na alama zao. Zifute au zizibe kabla ya kutuma popote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya mwaka 2019, na kutuma orodha ya alama za darasa zima kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili si jambo la kujitetea kirahisi. Nenosiri usimpe mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwenye kampuni. Akihitaji kuingia, afunguliwe akaunti yake ya muda.

Hatua ya tano: upeleke wapi

Anza na aliye karibu. Mwenzako wa idara ya jirani anayetumia programu hiyohiyo atakusaidia kwa dakika kumi jambo ambalo barua ingechukua siku tatu, na wewe utamsaidia zamu yake ikifika.

Ukiwa na leseni halali, huduma ya mtengenezaji umeshailipia, itumie. Articulate, Adobe na iSpring wana njia zao za kupokea maombi na mafaili. Kama tatizo liko ndani ya mradi, watumie mradi ule uliokatwa pamoja na kifurushi, maana kifurushi peke yake hakionyeshi ulivyokijenga. Ukumbuke saa. Ofisi za New York zikifunguliwa saa tatu asubuhi yao, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, kutegemea msimu. Ukituma asubuhi yetu utasubiri. Ukijibu swali lao saa kumi na mbili jioni hapohapo, mnaweza kumaliza siku hiyohiyo.

Kisha kuna jumuiya za watumiaji. Articulate wana E-Learning Heroes, Moodle ina mabaraza yake kwenye tovuti yake, H5P vilevile. Tafuta kwanza, kwa kunakili maneno ya kosa kama yalivyo na kuyaweka ndani ya alama za kunukuu. Ukiuliza, uliza sehemu moja. Kubandika swali moja mahali patano siku moja kunawaudhi wanaojitolea kujibu, nao wengi ni walewale. Ukithibitisha kwamba ni kasoro ya programu huria na si yako, iripoti rasmi: Moodle wana Tracker yao, na H5P na eXeLearning wana kurasa zao GitHub.

Wenye programu za wizi, tuseme ukweli: huna pa kwenda. Hutapata huduma, hutapata masahihisho, na wakikuuliza namba ya leseni mazungumzo yamekwisha. Kama bajeti haipo, hamia kwenye za bure kabla hujazama. eXeLearning, iliyoanzia New Zealand na baadaye ikaendelezwa Hispania, inatoa SCORM bila kukudai shilingi. Lumi inakutengenezea mazoezi ya H5P kwenye kompyuta yako hata ukiwa huna mtandao. Si nzuri machoni kama Storyline, nakubali. Lakini kozi ya kawaida inayofunguka kwenye simu ya bei nafuu ninaipendelea kuliko yenye mbwembwe inayokwama.

Akili mnemba nayo itumie, kwa tahadhari moja. Inafaa sana kukufafanulia mstari mwekundu wa konsoli au kunyoosha Kiingereza chako. Ila ikikuambia ubofye kitufe fulani kwenye menyu fulani na kitufe chenyewe hukioni, usidhani macho yako mabovu. Huwa inavitunga.

Na ukiamua kumlipa mtu, andikianeni kabla ya fedha kutoka kwamba atakukabidhi mradi wa asili, yaani faili la .story, .cptx au lolote linalofunguka kwenye programu, si zipu peke yake. Kuna idara ninayoifahamu iliyolipia kozi nzuri sana, mtaala ukabadilika mwaka uliofuata, wakagundua walichonacho ni zipu tu na fundi haonekani tena. Walianza upya kutoka slaidi ya kwanza.

Hatua ya sita: jibu likija

Fanya ulichoambiwa, kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na kozi ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Kisha rudi pale ulipouliza useme matokeo, hata kama haikusaidia. Anayeandika "asante, nimepata" bila kusema amepataje huwaacha wote watakaopita baadaye na shida ileile gizani.

Katika mfano wetu, msimamizi alijibu kwamba tiki ipo kwenye Completed peke yake na anaweza kuongeza Passed, kwa kuwa Moodle hutosheka na hali mojawapo kati ya zilizotiwa tiki. Ni kazi ya dakika moja, lakini kuna wanafunzi ambao wameshamaliza, na hapa ndipo watu huharibu. Moodle hufunga masharti ya ukamilishaji pindi kuna rekodi. Kuyafungua hufuta rekodi zilizopo, kisha Moodle huzihesabu upya kutokana na alama na hali ilizonazo. Waliofaulu watapata tiki zao bila kurudia kozi. Ila mahali ambapo mwanafunzi alijitilia tiki kwa mkono hapana cha kuhesabu upya, hivyo kwenye shughuli za namna hiyo masharti yasifunguliwe. Mwombe msimamizi achukue nakala ya akiba ya kozi kwanza, afanye mabadiliko usiku ambapo wanafunzi ni wachache, na wewe uwatangazie mapema kwamba tiki zinaweza kupotea kwa muda. Usipowatangazia, saa nne usiku simu yako itaanza kuita.